Mbwa Alitangulia Mizingani

Baba mkwe wangu hapendi maswali, na mimi siwezi kukaa bila kuuliza. Mume wangu husema Mungu aliniumba mdomo kwanza, viungo vingine vikafuata baadaye. Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari huku Kamembe, kwa hiyo angalau mdomo huo unanilisha. Lakini mzee, aliyefanya kazi ya simenti Bugarama miaka mingi kabla ya kurudi kwenye nyuki zake milimani juu ya Nyakabuye, hakuona kwa nini mtu aulize jambo ambalo akikaa kimya ataliona mwenyewe.

Tena kulikuwa na heshima katikati yetu. Kwa watu wa umri wake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hata mkono hawapeani. Mimi nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mto, ambako tunasalimiana kwa kugonganisha vipaji vya uso, na nilichelewa kujifunza. Mwaka mzima baada ya harusi niliendelea kumnyooshea mkono, naye akautazama kama kitu nilichookota njiani na kutaka kujua mwenyewe ni nani. Mwishowe nikazoea kusimama hatua tatu, kuinamisha kichwa na kusema, "Mwaramutse, papa." Kiswahili alikijua vizuri kutoka kazini, na ndicho tulichosemezana, maana Kinyarwanda changu bado kinajikwaa.

Alikuwa na mbwa. Huku watu wengi hawawapendi mbwa, na wana sababu zao ambazo sitazichimbua hapa. Huyu alikuwa wa rangi ya udongo, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Alilala nje, alikula nje, na hakuna aliyempapasa. Shingoni alivaa njuga ya chuma kama walivyovaa mbwa wa wawindaji zamani. Jumamosi moja, mzee akirudi kutoka mizingani, niliisikia njuga ndani ya ukungu muda mrefu kabla sijamwona mtu wala mnyama. Nikamuuliza kwa nini mbwa avae njuga na uwindaji ulikwisha kukatazwa. Akasema, "Haiko ya imbwa. Iko yangu mie." Kisha akaingia ndani, na hilo ndilo lililokuwa jibu zima.

Jibu la namna hiyo kwangu ni kama chumvi kwa mbuzi. Nilimwomba mwaka mzima anipeleke mizingani nikaone mbwa anavyofanya kazi. Nisiwafiche: siku aliponikubalia, nusura afe, na mvua haikuwa mkosaji peke yake.

Mume wangu alinionya kwa simu kwamba msimu ulikuwa mbaya. Asubuhi ile, hata hivyo, mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mzee alikuwa ameacha mfuko wake mlangoni: kiberiti kilichofungwa ndani ya plastiki, kifurushi cha magome makavu ya kuwafukizia nyuki, kamba, na turubai lililokunjwa. Panga alilibeba mkononi. Mimi nilikuja na chapati sita, mayai ya kuchemsha, parachichi na sambaza za kukaanga. Havikuenea mfukoni. Kwa akili yangu ya ualimu, msituni ni mahali ambapo watu hufa njaa; basi nikalitoa turubai, nikalisukuma nyuma ya mlango, nikaweka chapati. Sikumwambia mtu.

Tulipopita nyumba za mwisho, mzee alimwita mbwa, akang'oa nyasi gao moja, akazishindilia ndani ya njuga mpaka ikawa bubu. Mpaka wa msitu wa hifadhi hauko mbali na pale. Mbwa mwenye njuga inayolia huhesabiwa kuwa ni wa jangili, na majirani wana midomo. Tulipoingia kwenye mikaratusi, mbali na nyumba, akazitoa nyasi, na safari yenyewe ikaanza.

Nilifurahi kama mwanafunzi. Mbwa alitangulia, akapotea, njuga ikafifia hata nikadhani ametuacha. Halafu ikanyamaza, kisha ikaanza kukua, na yeye akatokea juu ya njia, akamtazama mzee, akanitazama mimi, akageuka akaenda tena. Nilianza kuhesabu hatua. Kila tulipotembea hatua mia mbili na kitu, alirudi kutukagua. Nikachelewa kwa makusudi nyuma ya mti. Akampita mzee, akanifuata, akanusa kiatu changu, akasimama hapo mpaka nilipotembea. Kumbe tulidhani tunamchunga, naye anatuchunga.

Nilimpigia mzee kelele za maswali mgongoni, yeye mbele, mimi hatua zangu tatu nyuma. Alijibu moja kati ya manne. Njuga ikilia mahali pamoja bila kusogea, mbwa amenasa kwenye mtego. Ikikimbia halafu ikakatika, ameona kitu anachokiogopa, na wewe simama hapo ulipo. Ndani ya ukungu usimfuate mbwa, maana yeye hupita asipopita mtu. Mngoje akufuate wewe. Nilitamani kuyaandika yote, lakini nilikuwa nimeacha daftari ili parachichi zienee.

Mizinga tuliikuta salama kwenye misonobari, ile ya magogo ya zamani na mingine ya kusukwa iliyokandikwa kinyesi cha ng'ombe. Tulikunywa maji, yeye akanipa mgongo akala yai moja. Chakula chake nilikuwa nimekiweka juu ya jiwe, kwa heshima. Ilikuwa yapata saa saba ukungu ulipotushika. Ukungu wa milima ile hauonekani ukija. Unaota papo hapo, kama uyoga. Mvua ikafuata. Mzee akafungua mfuko kutafuta turubai. Akaitazama chapati, akanitazama mimi, akaufunga mfuko bila neno. Natamani angenitukana.

Tulishika bonde dogo ili tuteremke upesi. Alikanyaga mzizi uliolowa, mguu ukateleza ukaingia katikati ya mawe mawili, mwili ukaenda upande wa pili. Nilisikia mlio, kama unapovunja kijiti cha muhogo cha kupanda. Akakaa kwenye maji ya mvua, uso umegeuka kijivu. Mbwa akarudi mbio, akamzunguka.

Mimi nilishageuka nikimbie kuita watu. Akaniambia, "Ikala chini kwanza, maman." Nikamwambia muda unapita. Akarudia vilevile. Nilipokaa ndipo alipoeleza, maneno mengi kuliko niliyopata kumsikia akisema kwa siku moja: ndani ya ukungu ule nisingefika mbali, na aliyepotea mmoja hutafutwa, lakini waliopotea wawili, kila mmoja upande wake, hutafutwa nusu nusu. Nyumbani walijua tulikokwenda. Tukikawia watakuja. Kazi yetu ilikuwa moja tu, watukute hai.

Simu yangu ilikuwa imeshika mtandao wa Burundi, halafu ikaacha kushika wowote.

Nikaanza kuuliza, maana ndivyo ninavyopumua. Maji tutapata wapi? Akaonyesha mvua kwa kidevu. Chakula kikiisha je? Akasema mtu mzima hafi njaa kati ya Jumamosi na Jumatatu, lakini baridi haina subira hiyo. Kwa miaka tisa nimeandika ubaoni kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo joto linavyopungua, nikawapa watoto mfano, nikawapa mtihani. Lakini sikuwa nimewahi kulivaa somo hilo likiwa limelowa.

Aliniamuru yeye, nikafanya mimi. Jirani na pale gogo kubwa la msonobari lilikuwa limeanguka na kuacha uwazi chini yake. Alijiburuta kwa viwiko, kwa sababu kumbeba kungenilazimu kumshika. Nilitaka kuanza na paa. Akakataa: baridi inayoua hutoka ardhini, mvua ni kelele tu. Basi nikakusanya sindano kavu za msonobari zilizokuwa zimejificha chini ya gogo, juu yake matawi mabichi, mpaka kitanda kikafika magotini. Ndipo nikaegemeza fito na majani kwa paa. Mguu alijifunga mwenyewe kwa vijiti na vipande vya kitenge changu, mimi nikimkabidhi kwa mbali kama muuguzi anayeogopa damu. Akaniambia nigeuke, akavua koti na sweta vilivyolowa, akavikamua, akavaa tena sweta peke yake. Tukawasha magome ya nyuki. Kijimoto kikakubali, kidogo, chenye moshi mwingi. Kiberiti kilikuwa kimepata unyevu, akakitoa kwenye plastiki, akakiweka pembeni ya moto kikauke.

Kisha akamwita mbwa, mbwa ambaye nyumbani hajawahi kuvuka kizingiti, akamlaza katikati yetu. "Iko nguo hii," akasema. Nikatia kiganja chini ya paja la mnyama yule, na nilishangaa: alikuwa na joto kutuzidi sisi wote. Harufu yake sitaisema. Mzee alikata chapati, na kipande cha kwanza akampa mbwa. Nikauliza kwa nini mbwa ale kabla ya watu. Akanijibu kwamba hakuna moto usiotaka kuni.

Nasema kweli, kwa saa moja pale nilikuwa na raha. Nilikuwa na baba mkwe ambaye hana njia ya kuyakimbia maswali yangu, na alianza hata kutabasamu. Alinieleza jinsi ya kumjua mbwa anayefaa akiwa bado anafumba macho: unamweka mbali na mamaye juu ya jiwe baridi, anayepiga kelele na kukaa palepale ndiye wa kufugwa, anayetambaa kimya ataangukia shimoni. Nikamuuliza kama ni kweli au anatunga. Akasema nilete watoto wa mbwa na jiwe.

Ndipo sauti zikaja.

Zilitoka juu yetu, za wanaume, tatu au nne, na vyuma vikigongana. Ukungu ulikuwa unayala maneno. Palikuwa na sauti tupu, inaita, inanyamaza, inaita tena. Sauti ndani ya ukungu haina uso. Sikufikiri lolote. Mikono yangu ilitangulia. Nilikomba udongo na majani mabichi kwa viganja viwili nikavitupa juu ya moto, nikakomba tena, mpaka moshi ukakatika. Nikang'oa nyasi nikashindilia njuga. Nikambana mbwa katikati ya magoti, mkono wa kushoto umefumba mdomo wake. Mzee akafungua kinywa kuitika. Mkono wangu wa kulia ukamziba mdomo.

Mimi, mke wa mwanawe, ambaye kwa miaka sita sikuwahi kumgusa hata ncha ya kidole.

Nitaeleza ilikotoka mikono hiyo. Bukavu, nyumba yetu ya mbao upande wa Kadutu, nikiwa na miaka tisa. Kulikuwa na nyakati ambazo wanaume walipita na vyuma vyao, na hatukungoja kujua ni wa upande gani. Mama alimwaga maji ya vyombo juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa sababu moshi unasema hapa kuna watu. Alitusukuma chini ya kitanda, akalala juu yetu nusu, mkono mmoja mdomoni mwangu, mwingine mdomoni mwa mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Moto kwanza, sauti pili, halafu usipumue. Tulifanya hivyo mara nyingi, tukapona mara zote, na hakuna aliyewahi kuuambia mwili wangu kwamba somo lile limekwisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ila wahenga hawakusema kwamba anaporuka pembeni anaweza kumkanyaga mwenzake.

Macho ya mzee yalinitazama juu ya mkono wangu. Hakupigana nami. Sauti zilipita upande wa kulia, zikateremka, zikafifia, zikaisha. Mbwa alikuwa anatetemeka mwili mzima. Sijui nilikaa vile muda gani kabla sijaondoa mikono.

"Unaficha nani, maman?" akauliza.

"Sijuwe, papa."

"Bale ni batu ya kwetu. Beko banatutafuta sie."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alijaribu kuwaita, kikatoka kikohozi. Nikafukua moto kwa vidole. Chini kulikuwa na tope jeusi, na ndani ya tope kiberiti, nilichokizika pamoja na makaa. Nilijaribu njiti zote. Vichwa vyake vilibaki kwenye vidole vyangu. Nikajisemea kwamba labda walikuwa walinzi wa msitu, labda wangemchukua mbwa, labda nimefanya vizuri. Nilijua ni uongo hata kabla sijaumaliza.

Baridi ikaja kama alivyosema, bila subira. Mzee alitetemeka mpaka meno yakagongana. Nikamrundikia majani, nikamvika koti langu, nikamwambia mbwa alale juu ya miguu yake, na mbwa akalala kana kwamba anajua Kiswahili. Baada ya muda mzee akaacha kutetemeka. Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani amepata joto. Kisha akaanza kusema kwa Kinyarwanda na mtu ambaye hakuwapo, akimwambia awaingize mbuzi, mvua inakuja. Akanilalamikia kwamba kuna joto sana. Akaanza kuvua sweta.

Nilimshika mikono. Nikamkumbatia, kifua chake kifuani mwangu, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na baridi kama kitu kilichotolewa ziwani. Heshima ilishavunjika tangu nilipomziba mdomo. Sasa niliivunja tena kwa makusudi. Nikaogopa, si kidogo. Mtu huyu alikuwa anakufa mikononi mwangu kwa sababu nilichagua chapati, halafu nikachagua kimya.

Mama mkwe aliwahi kunieleza juu ya yowe la huku, wanaloliita induru. Lina sheria yake. Anayelisikia hulipokea kwa sauti yake mwenyewe ili wa mbali wasikie, kisha hukimbia kuja. Na anayelisikia akakaa kitako, kesho ataulizwa. Nilikuwa nimemuuliza maswali mengi juu ya jambo hilo, nani anaruhusiwa, kwa sababu gani, bila kupiga hata mara moja. Sasa nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Ni jambo la ajabu, na hata katika hofu ile nililitazama kwa mshangao: koo lina akili yake, na linaweza kumkatalia mwenyewe. Mimi, mdomo mzima, ninayefundisha madarasa ya watoto hamsini bila kukohoa, nilikuwa natoa pumzi tu.

Mikono ilikuwa imenikosesha, basi nikaanza na mikono. Nikachokonoa nyasi kwenye njuga, nikamshika mbwa shingoni nikamtikisa, njuga ikalia. Mbwa akanitazama. Nikamtikisa tena, kwa nguvu, nikimwomba. Akabweka mara moja, kama anayeuliza kama sasa inaruhusiwa. Halafu akabweka bila kuacha, na katikati ya kelele zile sauti yangu ikapata njia, ikaomba msaada kwa Kinyarwanda.

"Muntabare!"

Ya kwanza ilikuwa mbaya, kama mlango uliokaa bila mafuta. Ya pili ikawa yowe. Nilipiga ya tatu na ya nne huku nimemkumbatia mzee, nikimpigia karibu na sikio, na ukungu ulikuwa umeanza kuwa rangi ya majivu, jioni ikiingia. Nikanyamaza kusikiliza. Kimya. Kisha kutoka chini, mbali, mtu akalipokea. Mwingine akalipokea upande wa mtoni. Wa tatu akalipokea mlima wa pili, huko ambako hakuna mtu anayenijua wala anayemjua mzee, na mpaka leo sijui alikuwa nani. Nililia, nikaendelea kupiga.

Walikuja na ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo kila kijiji kinayo, na mwanamke mmoja alikuwa ameifunga mgongoni chupa ya maziwa moto kama mtoto. Walimvua mzee nguo zote zilizolowa, wakamvika makoti yao wenyewe, wakambeba wanne wanne kwa zamu, mbwa akitangulia na kurudi, akitangulia na kurudi. Njiani mmoja wao, jirani wa nyumba ya tatu, aliniuliza: walipita juu ya bonde lile mchana, waliita, hata walinusa moshi. Mbona hatukuitika?

Nilinyamaza tena.

Mzee alipona. Mguu uliwekwa plasta, kifua kikamsumbua wiki mbili, akarudishwa nyumbani kwenye godoro karibu na dirisha. Wageni wakaanza kuja kumpa pole, na siku ya kwanza tu yule jirani akauliza swali lake mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeshika birika la chai.

Kabla sijatia neno, mzee akasema ni yeye. Alidhani ni ba garde, walinzi wa msituni, akaogopa watamchukua mbwa wake, kwa hiyo akazima moto na kumkataza mkamwana asiseme kitu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mzima, mguu umevunjika, anajificha waokoaji wasimwone, kwa ajili ya mbwa! Ikawa ndiyo hadithi ya mlima ule; aliyekuja kesho alikuwa ameshaisikia, akataka kuisikia tena kwa mwenyewe. Naye aliisimulia, kila mara vilevile, bila kunitazama.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alisema ameishi na mtu huyu miaka arobaini na sasa amejua kwamba mbele ya kifo alimchagua mnyama badala yake. Aliacha kumsemesha. Kisha akatoa uamuzi: mbwa aondoke. Mtu mmoja wa Bugarama, mwenye shamba la mpunga, alikuwa anatafuta wa kufukuza ndege na panya. Angekuja kumchukua Jumapili. Mzee alisikia, akasema vema.

Jumapili hiyo nilifika mapema. Mbwa alikuwa amefungwa kamba kwenye mti wa parachichi, na kwa kuwa hakuwahi kufungwa, alikuwa amejizungushia mpaka akabaki na urefu wa mkono. Mama mkwe alikuwa uani na wageni wawili na yule mtu wa Bugarama mwenye baiskeli, na jirani alikuwa anawasimulia hadithi ile. Niliingia kwa mzee. Nilikaa kwenye kigoda, karibu kuliko inavyopasa, nikamuuliza kwa nini alidanganya. Nilidhani hatajibu.

"Mie niko muzee," akasema. "Aibu hii haitanikaa murefu. Wewe ungeibeba miaka mingi."

Nikamuuliza, na mbwa je? Akageuza uso kwenye dirisha. Akabaki akiutazama mti wa parachichi.

Nilitoka nje. Jirani alikuwa amefika pale ambapo mzee anazima moto, na wote wamekwisha kufungua vinywa kucheka. Nilisimama katikati ya ua, nikasema kwa Kinyarwanda changu kibovu, kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya pili, kwamba papa hakuzima moto na hakuogopa mtu. Ni mimi niliyezima. Nilisikia wanaume na vyuma, nikarudi kuwa mtoto wa Bukavu, nikamziba mdomo alipotaka kuitika, kwa mkono huu. Nikauinua wauone.

Jirani alitazama chini. Mama mkwe alinitazama muda mrefu, kisha akamwambia mtu wa Bugarama aende na baiskeli yake, akainama mwenyewe kwenye mti kufungua kamba.